Muulize Nesi: Kila mmoja nimemwambia kipande chake

Mwezi huu nimepokea barua tatu kutoka Malindi na Watamu, mbili za watu wa methadoni, dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuacha unga, yaani heroini, na moja ya Ramadhani. Ya kwanza ni ndefu na nimeiacha ndefu, nimeondoa tu majina na mtaa. Kwa msomaji mgeni, mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi Malindi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa chumba cha kupimia na kushauri. Mengine humu si maneno ya kusomwa kwa sauti mbele ya wakwe.

*Shikamoo Bi Nesi. Mimi ni mwanamume wa miaka 31, naendesha tuktuk hapa Malindi. Nina mke na binti wa miaka mitatu. Unga nilianza kwa kokteli, bangi iliyotiwa unga, nikiwa kidato cha tatu, nikaja kuvuta, halafu miaka minne nikawa wa kujidunga. Sasa ni mwezi wa saba nakunywa methadoni na watu wameanza kunisalimia tena.*

*Nakuandikia mambo ambayo sijamwambia mtu. Wakati wa arosto, yale mateso ya kukosa unga, nililala na wanaume nipate pesa ya kete. Wengine wageni wa hotelini, wengine wa papa hapa, watu wazima na heshima zao. Hilo unaweza kusema ni shida. Lakini yuko mmoja ambaye si wa pesa. Ni mwaka wa pili huu, na hata baada ya kuacha unga sikuacha kwenda kwake. Mke wangu nampenda pia, sitanii. Mimi sijui niitweje na sitaki kuitwa.*

*Huyo rafiki yangu ana virusi. Aliniambia mwenyewe, anatumia dawa, na anasema virusi vyake havionekani tena kwenye kipimo. Maskani nao wanasema aliye juu hapati, anayepata ni wa chini. Halafu mwezi uliopita niliteleza mara mbili, na mara ya pili nilitumia bomba la sindano la mwenzangu. Nililisuuza kwa maji safi mara mbili. Nilipoanza methadoni nilipimwa, nikaambiwa sina.*

*Je, niko hatarini au naogopa bure? Nasikia kuna vidonge vya kuzuia, lakini wenzangu wanasema dawa za ukimwi zinakula methadoni, arosto inarudi. Na mke wangu nimwambie nini? Kliniki wananijua kwa unga, basi.*

*Wa tuktuk, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu, napiga mstari kila nilipoona nani anajua nini. Kliniki wanajua unga. Mkeo anajua unga na kupona kwako. Rafiki yako anajua yenu, lakini habari ya bomba sidhani kama umempa. Na aliyekupima mwanzoni mwa methadoni alijua yale aliyokuuliza. Mpaka nafika chini ya ukurasa sijaona mtu hata mmoja anayekujua wewe mzima, isipokuwa mimi, na mimi nilikwisha rudisha funguo za hospitali.

Hili nalijua kwa sababu nililikosea mwenyewe. Zamani fomu yetu ilikuwa na visanduku vya kutia tiki. Akaja kijana, mpole, amevaa shati la kwendea msikitini. Nikamuuliza umeoa? Akasema ameoa. Nje ya ndoa una mwanamke mwingine? Hapana. Na hapana yake ilikuwa ya kweli tupu. Nikatia tiki kwenye hatari ndogo, nikampa kondomu tatu, nikaita anayefuata. Alirudi baada ya miezi, na safari hii majibu yake yalikuwa mengine. Nikamwambia, mwanangu, mbona hukuniambia? Akaniangalia bila hasira. "Bi, uliniuliza wanawake."

Tangu siku hiyo nilikuwa nauliza: unalala na wanaume, wanawake, au wote? Na naliuliza kwa sauti ileile ninayoulizia umri. Wako walionitolea macho. Wako pia waliovuta kiti karibu.

Hata hesabu za nchi zimekugawa hivyohivyo. Takwimu za Kenya za mwaka 2011 zilionyesha virusi kwa watu 18 hivi kati ya kila 100 wanaojidunga. Kwa wanaume wanaolala na wanaume ilikuwa 18 hivi pia. Uchunguzi wa taifa wa 2018 ulipata 4.9 kwa mia kwa watu wote wa miaka 15 hadi 64. Sasa mwenye mke, mwenye rafiki wa kiume na mwenye bomba yumo daftari gani? Anaandikwa kwenye lile la dirisha aliloingilia siku hiyo.

Nianze na bomba, maana ndilo lenye tarehe.

Ungeniandikia ndani ya saa 72 ningekuambia uegeshe tuktuk popote ulipo ukimbilie hospitali. Kuna dawa za dharura, zinaitwa PEP. Huanzwa kabla ya saa hizo kwisha, na kila saa ikiwahiwa ni afadhali, kisha humezwa siku 28. Wewe saa zako zimekwisha pita, lakini liweke hilo kichwani, maana linahusu pia kondomu iliyopasuka. Sasa kapime leo, halafu urudie ikitimia miezi mitatu tangu siku ya bomba lile. Kipimo cha miezi saba iliyopita kilisema habari za wakati ule.

Ama kusuuza, hebu nikusimulie. Tulipokuwa tukizunguka maskani kufundisha nilikuwa nabeba chupa ya sharubati nyekundu na gilasi za maji. Navuta sharubati kwenye bomba, naisukuma yote nje mpaka mpira ugonge mwisho. Ukilitazama bomba, tupu. Navuta maji safi, nayamwaga kwenye gilasi ya kwanza, maji yanatoka mekundu. Gilasi ya pili, waridi. Ya tatu ukiiinua juani bado unaiona rangi. Imejificha kwenye shingo ya bomba na ndani ya sindano yenyewe, pale mpira usipofika. Kijana mmoja hakuamini, akalichukua bomba akasuuza mwenyewe mara sita, kisha akaniuliza kama iliyobaki kwenye chupa inanyweka.

Damu ndiyo sharubati hiyo. Maabara wamewahi kukuta virusi vya ukimwi vingali hai ndani ya bomba lililotumika baada ya wiki kadhaa, ingawa joto kama letu huvipunguzia siku. Vya homa ya ini aina ya C vilidumu hadi siku 63. Pamba, kijiko na maji ya kuchanganyia navyo vimo. Kwa hiyo ukienda kupima omba na homa ya ini, B na C zote mbili. Ya B ina chanjo kama hujaipata. Ya C siku hizi ina vidonge vinavyoiponya, kwa kawaida wiki 12.

Tena waambie kliniki kwamba uliteleza. Najua unaogopa kufukuzwa au kutazamwa. Lakini mtu anayeteleza mwezi wa saba mara nyingi dozi yake haimfikishi asubuhi. Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 60 hadi 120 kwa siku kuwa ndipo wengi hutulia, na wako wanaoachwa chini ya hapo kwa sababu tu hawalalamiki. Wewe unaendesha tuktuk, unajua mafuta yakiwa kidogo gari halizimiki nyumbani, linazimika njiani. Na mpaka utulie, mabomba mapya yapo kwa wahudumu wa mitaani. Yanagawiwa pwani zaidi ya miaka kumi sasa, kwa kelele nyingi za mwanzo. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele, nikaja nikanyamaza.

Sasa hili la aliye juu. Limenichosha. Mjini kwetu kuna jina la wa juu na jina la wa chini, sitayaandika hapa. Jina la wa juu halina aibu sana, wengine hulivaa kama kofia. Ndiyo maana uvumi huu unapendwa, unampa mtu cheo na kinga kwa mkupuo mmoja.

Wataalamu wa Marekani wamekadiria hivi, kwa kila mara 10,000 na mtu mwenye virusi asiye na dawa wala kondomu. Anayeingiliwa nyuma, 138. Anayeingilia, 11. Kuchangia bomba, 63. Mwanamume anayelala na mwanamke mwenye virusi, njia ya kawaida, 4. Mwanamke anayelala na mwanamume mwenye virusi, 8. Zisome taratibu. Ni kweli wa juu ana nafuu kubwa kuliko wa chini. Lakini 11 yake inakaribia mara tatu ya ile 4 ya mume kwa mke mwenye virusi, na bomba moja la mwezi uliopita ni zaidi ya mara tano ya usiku mmoja wa kuwa juu. Tena huo ni wastani. Kidonda, kisonono, kaswende, au mtu aliyeambukizwa juzi ambaye virusi vimemjaa, hesabu inapanda. Utaniambia umetahiriwa. Kutahiriwa kunampunguzia mwanamume karibu asilimia 60 ya hatari anayoipata kwa mwanamke. Mkeo hakumkingi, na wa chini hakumkingi. Na tuseme kweli, mwanangu, wakati wa arosto, na pesa iko mkononi mwa mwingine, ni nani aliyechagua juu au chini?

Rafiki yako nimempenda, na sijamwona. Katika barua nzima ni yeye peke yake aliyemwambia mwenzake ukweli kabla ya kuulizwa. Na alichokuambia ni sahihi. Kuna utafiti wa Ulaya, PARTNER2, matokeo yake yalitoka 2019. Ulifuata wapenzi wa kiume karibu jozi 800, mmoja ana virusi na dawa zimevishusha visipimike, mwenzake hana. Walilala bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Aliyeambukizwa na mwenzake wa ndani ya jozi hakupatikana hata mmoja. Basi kama anameza kila siku na karatasi yake ya wingi wa virusi ni ya karibuni, kwake huna hofu ya virusi kitandani. Muulize tarehe ya karatasi hiyo kama askari anavyokuuliza bima, huna haja ya kuona haya. Walio na hatari kwako ni wale watu wazima wenye heshima zao, ambao hawajawahi kupima na hawatapima.

Nimesema kitandani. Bomba msichangie hata naye, na kaswende haisomi karatasi ya virusi.

Mafuta ya nazi nayo yaacheni jikoni. Mpira wa kondomu hulegea ukikutana na mafuta ya nazi, ya kujipaka, ya aina yoyote, kisha unapasuka katikati ya shughuli. Kuna vilainishi vya maji, vinatolewa bure pale kondomu zinapotolewa. Omba. Anayegawa amekwisha sikia makubwa kuliko hilo.

Vidonge vya kuzuia vinaitwa PrEP, na Kenya imevigawa tangu 2017. Havili methadoni. Uvumi huu una mzizi wa kweli, nao nimeueleza kwenye barua ya pili hapo chini, lakini unahusu dawa nyingine. Vya PrEP unameza kimoja kila siku. Watapima kwanza kama huna virusi, wataangalia figo na homa ya ini B, na watakupima tena kila miezi mitatu. Utasikia wengine wanameza viwili kabla ya kulala na mtu, kimoja kesho yake na kimoja kesho kutwa. Mpango huo upo na Shirika la Afya Duniani limeukubali tangu 2019 kwa wanaume wanaolala na wanaume, lakini kwa sindano haujathibitishwa. Wewe mwenye milango mitatu shika wa kila siku. Huko Bangkok waliwapa wanaojidunga kidonge cha tenofoviri, dawa iliyomo kwenye PrEP, kila siku, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba maambukizi yalipungua karibu nusu. Nusu, usidhani yote, kwa hiyo bomba jipya halina mbadala. Wiki tatu za kwanza usikitegemee kidonge peke yake.

Dogo lakini limewaangusha wengi: chupa ya vidonge inalia mfukoni kama njuga, na mtaa mzima unaijua sauti hiyo. Wako waliotupa dawa nzima kwa sababu ya mlio. Tia pamba ndani, au chukua vya wiki moja uweke kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko. Wewe kliniki unakwenda kila siku, uliza kama unaweza kukimeza hapo hapo ukishakunywa kikombe chako. Na uliza kwanza kama vipo. Tangu misaada ya Marekani ilipokatwa mapema 2025, vituo kadhaa vya mitaani vilipunguza kazi au kufunga, na watu wamefika mlangoni wakarudi nyumbani wakidhani dawa zimekwisha duniani. Kituo kikifungwa, uliza hospitali ya serikali.

Nimefika kwa mkeo, nimekuwa nikimzunguka.

Wako watakaonilaumu kwa haya. Mke ana haki ya kujua yumo hatarini, hilo silipunguzi hata kidogo. Lakini najua pia unaishi wapi. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu kingalipo, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, na kifungo chake kinafika miaka 14. Sheria siyo inayokutisha zaidi, nadhani. Ni shemeji zako. Basi anza na ukweli ambao tayari ana mahali pa kuuweka. Unga anaujua. Kuteleza anakujua, pengine alikwisha kukuona machoni kabla hujajiona. Mwambie: niliteleza, nilitumia bomba la mtu, mpaka kipimo cha miezi mitatu nataka tutumie kondomu, na nataka twende tukapime pamoja. Hakuna uongo hata mmoja humo, na unamkinga kuanzia usiku huo. Kama ana mimba au mnapanga nyingine, hilo la kupima haliwezi kungoja, maana mama akianza dawa mapema mtoto karibu kila mara huzaliwa salama.

Ni nusu ya ukweli, najua. Nusu nyingine siwezi kukuamulia kutoka kwenye gazeti, na sipendi kuona mwanamke anaishi na nusu. Nimewaona waliosema yote wakabaki pamoja, nimewaona waliosema yote wakatolewa vyombo nje mchana kweupe. Ukija kusema, mshauri awepo, na binti yenu alale kwa bibi yake usiku huo.

Jumatatu ukishakunywa methadoni yako usirudi moja kwa moja kwenye tuktuk. Omba dakika kumi na mshauri. Kabla hujasema kitu muulize anaandika nini kwenye faili na nani analisoma. Sheria ya ukimwi ya mwaka 2006 inamkataza kutoa habari zako bila ridhaa yako, na swali hilo litamkumbusha. Kisha mtolee barua hii uliyoniandikia, umsomee. Umeshaiandika vizuri.

*Bi Nesi, mimi ni wa Watamu, miaka 38. Nina virusi, natumia ARV, na methadoni mwaka wa tatu, sijateleza. Mwezi huu nimekutwa na kifua kikuu nikaanzishiwa dawa. Siku ya kumi hivi nikaanza kutoka jasho, miayo, mifupa inauma, usiku silali. Ni arosto ile ile naijua. Naona haya kusema dirishani, watadhani nimerudia unga. Nafikiria kuacha za kifua mpaka nipate nguvu. Nifanyeje?*

Usiache hata siku moja. Hujarukwa na akili wala hujarogwa. Dawa mojawapo ya kifua kikuu, rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hulichochea ini kuchoma dawa nyingine haraka. Methadoni ni mojawapo. Unakunywa kipimo kilekile lakini kinaisha mwilini mapema, ndipo unapata arosto kabla ya saa yake. Ingekuwa hukuipata ndiyo ningeshangaa.

Kinachotakiwa ni kupandishiwa methadoni kidogokidogo huku wakikuangalia, mpaka utulie. Wapelekee karatasi ya dawa za kifua na useme siku ulipoanza. Ukianza na tarehe hakuna atakayekudhania unga. Karatasi hiyohiyo ipeleke pia dirisha la ARV, kwa sababu rifampisini inapunguza na dolutegraviri, mojawapo ya hizo ARV. Wanaotumia zote mbili kwa kawaida huongezewa dolutegraviri ya pili, moja asubuhi na moja jioni, badala ya moja kwa siku. Nasikitika kukuambia usidhani madirisha haya matatu yanazungumza. Yanaweza kuwa ukuta mmoja na feni moja, na mgonjwa ndiye anayebeba habari kutoka hapa kwenda pale.

Huu ndio mzizi wa uvumi niliouahidi. ARV za zamani, nevirapini na efavirenzi, zilikuwa zinafanya hivyohivyo kwa methadoni, na watu waliumia kweli. Wengi sasa wamehamishiwa dolutegraviri, ambayo haiigusi. Uvumi ulibaki na dawa ikaondoka.

Mawili ya hatari. La kwanza, usizibe pengo kwa pombe ya mnazi wala vidonge vya usingizi. Vikikutana na methadoni pumzi hupungua, na mtu hulala asiamke. La pili ni la miezi sita ijayo na watu hulisahau: dawa za kifua zikimalizika, ini litarudi taratibu kwenye mwendo wake, na ile methadoni uliyopandishiwa itakuwa nyingi mno. Siku ya kumeza cha mwisho cha kifua, waambie methadoni siku hiyohiyo, wakushushe polepole. Na nyumbani mtu ajue: ukikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo ikawa ya bluu, huamki, hilo si usingizi. Akupeleke hospitali aseme neno naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na methadoni.

*Bi Nesi, Ramadhani ikiingia kidonge cha PrEP nakimeza saa ngapi? Nikila mchana si nimefungua? Kijana wa Shela, Malindi.*

Kimeze daku au baada ya futari, mradi uwe umechagua wakati mmoja na kuushika mwezi mzima. Si lazima kiende na chakula. Ukikisahau daku, kimeze magharibi siku hiyo hiyo, kesho urudi daku yako. Wa methadoni suala lao ni jingine, kwa sababu kikombe kinanywewa mbele ya mtoaji na dirisha lina saa zake. Muulizeni mkuu wa kliniki kabla mwezi haujaandama, msingoje siku ya pili ya funga. Mimi si sheikh, lakini aya inayomtaja mgonjwa na msafiri hata watoto wa chuoni wanaijua kwa moyo.